Maji Machafu Yanakwenda Wapi?

Bi Nasambu alipanda ngazi zetu, ghorofa nne
(lifti ilikufa tangu uchaguzi wa juzi),
akaketi, akavua kiatu kimoja, akapumua.
Muuguzi mstaafu wa Pumwani,
bahasha ya kaki kifuani.
"Binti yangu anaolewa Ayalandi,
ufukoni huko, Kerry. Nitafutie pa kulala siku tano.
Lakini si popote, Kerubo.
Nimeziba pua miaka thelathini. Sitaki kwenda kuchafua kwa watu."

Nikamgeuzia kompyuta aone.
Picha zilifunguka polepole, mtandao ukikohoa:
magenge meusi, mawimbi yenye povu la sabuni,
malisho mabichi hadi ukingoni kabisa,
kondoo wenye doa la buluu
kama waliopiga kura kwa mgongo.

Hoteli ya kwanza iliandika "kijani" mara kumi na moja.
Nilihesabu.
Ilikuwa na bwawa la maji moto hatua chache kutoka baharini.
"Kijani cha rangi," akauliza, "au cha jani?"

Ya pili ilijisifu kwamba taulo hazifuliwi kila siku.
Alicheka hadi miwani ikashuka puani.
"Sisi Umoja maji huja Alhamisi.
Nani kakwambia nafua taulo kila siku?"

Ya tatu: mvua hukingwa paani kwa mapipa.
"Kama mama yangu, Chwele."
Nguo huanikwa kambani, upepo ukaushe.
"Kama mimi. Ila zangu hurudi na masizi."
Bei yake iliipita ile ya bwawa.
Tukanyamaza.
Kumbe uhaba wetu ukivuka bahari
huvishwa nyota, hutozwa kwa yuro.

Kisha akauliza jambo ambalo, miaka tisa nikiuza safari
juu ya duka la betri, barabara ya Duruma,
hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Maji machafu yanakwenda wapi?"

Sikujua. Nikaandikia nyumba sita.
Mbili hazikujibu.
Moja ilituma picha ya machweo.
Moja ilisema hayo muulize kaunti.
Moja ikaleta cheti chenye muhuri wa dhahabu.
Ya sita ni ya mjane, Bi Gobnait, vyumba vitatu tu,
naye aliandika kama anayemwandikia shoga yake:

*Yanashuka shimoni nyuma ya zizi,
yanapenya matete niliyopanda na marehemu mume wangu.
Machache hufa kila kipupwe, nami hupanda tena.
Yakifika kijitoni, bata wanayakubali.
Choo cha nje hunuka kidogo mwezi wa saba, sitaki kukudanganya.
Basi husimama langoni mara mbili kwa siku. Jumapili hamna.*

Nilimsomea nikifasiri neno kwa neno.
Nilipofika "hunuka kidogo" akapiga meza.
"Huyo. Mlipe huyo."
Akahesabu noti za chama, raba ikiwa mdomoni.

Mlangoni alisimama, kiatu kikimsumbua.
"Na ndege je? Moshi wote ule?"
Sikuwa na jibu la kumuuzia.
"Basi," akasema, "huo siwezi kuuosha. Nitaubeba."

Usiku, kwetu Huruma, niliosha sufuria ya ugali.
Maji yakazunguka, yakapiga chafya, yakazama.
Sijui nini kilinipata: nilichukua tochi ya simu
nikalifuata bomba kama anayemfuata mwizi wake,
ukuta kwa ukuta, ghorofa kwa ghorofa,
nikapita mapipa, nikapita kibanda cha mlinzi,
hadi linapokomea,
hewani,
juu ya mto.

"Umepoteza nini?" Ekidor akauliza, blanketi mabegani.
"Sijui bado. Matete huota hapa?"
Akamulika ng'ambo, akamulika huku.
"Yalikuwepo. Waliyafyeka wakijenga hili lenu."

Nikapima kwa miguu, kutoka mdomo wa bomba
hadi maji yanapoanza.
Hatua kumi na moja.